Mbwa wa Watu Chini ya Mkokoteni Wangu

Mama Ritha wetu wa redioni,

Mimi si mtu wa kuomba msaada, watu ndio huja kwangu kuomba, lakini leo naandika, na naandika kwa mkono wangu mwenyewe, mkono uliojifunza kuandika ukubwani kwenye elimu ya watu wazima, na nilikuwa wa kwanza darasani, ingawa wengi walikuwa wameshaacha. Jina langu usilitaje. Sema tu ni yule mzee wa Didia aliyefundisha maksai kulima kuliko mtu yeyote toka Tinde mpaka Mhunze, hiyo inatosha. Kukuamkia siwezi kwa sababu sauti yako siijui umri wake, kama ni mdogo kwangu basi marahaba, na kama ni mkubwa unisamehe, ingawa wakubwa kwangu sidhani kama wamebaki.

Shida yangu ni mbwa, na usicheke kwanza. Kulikuwa na mtu upande wa Geita alifuga mbwa wakubwa, wale wa Kijerumani wenye masikio ya kusimama, akiwauzia wenye maduara ya kuchimba dhahabu na wenye karasha za kusaga mawe yake ili wawalindie mali, na majike aliwafungia kwenye vibanda vya saruji, kazi yao kuzaa, wakishazaa watoto wanauzwa na mama anapandishwa tena, hivyo hivyo mpaka mbwa anazeeka hajawahi kukanyaga majani. Biashara ikamfia yule mtu akaondoka, mbwa wakabaki mle ndani wanalia, watu wa mifugo wakaenda kuwatoa. Mbwa vijana walipata wa kuwachukua upesi. Akabaki jike mmoja mzee, mdomo wote mvi, sikio moja limelala, matiti yamelegea, hana wa kumtaka.

Sasa daktari wa mifugo mmoja wa huko, Vumilia, ni binti wa jirani yangu hapa hapa Didia, nimemwona akiwa anatambaa, alikuja naye kwenye gari akaniambia, "Shikamoo babu, nakuomba unitunzie huyu mpaka nimpatie pa kuishi. Sitaki alinde, sitaki afanye kazi yoyote. Umfundishe tu kwamba mtu si kitu cha kuogopa. Msimu wa pamba ukiisha nitapita kumwona." Nikamwambia, "Mjukuu wangu, mimi nimefundisha fahali aliyemvunja mtu mbavu akawa anasimama nikikohoa, wewe unaniletea mbwa? Nenda, ukirudi utamkuta anakuamkia yeye." Vumilia akacheka, lakini alipoingia kwenye gari akasema taratibu, "Asipozoea, babu, sina pengine pa kumpeleka."

Nikampa jina la Mtanikoma, ili majirani wasikie nikimwita.

Mtu mwingine angekaa kimya baada ya hapo. Mimi kwa nini nikae kimya na jambo ninalolijua? Siku ya mnada tulikuwa tunakula nyama, akawepo Marwa, Mkurya mmoja ananunua ng'ombe huku kwetu na ana karasha yake upande wa Kharumwa, akasikia habari ya mbwa, akacheka mpaka akaweka mfupa chini. "Mzee, huyo namjua, ndiye aliyezaa mbwa wangu wawili. Huyo hafugiki kama mbwa wa nyumbani, huyo ni wa kuzaa tu. Na bado ana tumbo moja au mawili. Nipe mimi nimjengee banda." Nikamwambia, "Marwa, wewe jua ng'ombe wa kuchinja, wa kufundisha niachie mimi. Njoo mnada wa kufunga msimu, utanikuta nimesimama hapa na huyo mbwa ananifuata nyuma bila kamba kama mke mpya." Akasema, "Na asipokufuata?" Nikasema, "Asiponifuata, mchukue." Tukapeana mkono mbele ya watu, na mchoma nyama alikuwa anasikia, na yule mchoma nyama mdomo wake ni gazeti.

Nilipofika nyumbani nikamweleza mama Sostenes, yaani mke wangu Zipora, akaniuliza ni mke mpya yupi huyo aliyewahi kunifuata nyuma, kwa sababu yeye siku aliyoolewa alitangulia mbele, mimi nilikuwa nimepotea njia. Hiyo si kweli sana.

Basi mbwa mwenyewe, Mama Ritha, aliposhushwa kwenye gari alikimbilia chini ya mkokoteni na tangu siku hiyo pale ndipo kwake. Nikimwita anageuza uso kutazama gurudumu. Nikisogea anajilaza na kujikojolea, mbwa mkubwa vile. Debe likianguka, anatetemeka mpaka minyororo ya mkokoteni inalia. Komeo la zizi akilisikia, anajibana mwisho kabisa, na nadhani ni kwa sababu huko alikotoka komeo likilia ujue wanakuja kumchukua mtoto. Na kuna kitu kimoja sikipendi. Watu wakiondoka uwanjani anatoka kidogo, akidhani hatumwoni, na uwanja wangu ni mpana, ng'ombe wote wanaenea na nafasi inabaki, lakini yeye anatembea hatua chache, anageuka, hatua chache, anageuka, kwenye duara dogo la ukubwa wa kibanda, mpaka majani yale yamekufa. Ukuta haupo. Anauzunguka.

Nikasema hapa inatakiwa ufundi. Wewe ni mtu wa redio labda hujui, maksai mgeni huwezi kumfundisha peke yake, unamfunga nira moja na maksai mzee anayejua kazi, mzee akienda na mgeni anakwenda, akisimama anasimama, mwishoni mgeni anajua mwenyewe. Hiyo haijawahi kunishinda. Na mimi nina mbwa wangu anaitwa Polisi, haogopi kitu, hata fisi anamtukana. Nikachonga nira ndogo, nzuri sana, hata ungeiona ungependa, nikawafunga wote wawili shingoni, huku Polisi, huku Mtanikoma. Mama Sostenes alikuwa anapepeta mtama, akaniangalia akasema, "Baba Sostenes, unataka walime pamba?" Sikumjibu, kwa sababu fundi akiwa kazini hajibu.

Ilikuwa inakwenda vizuri mpaka alipopita kuku. Polisi akaruka, yule mbwa bibi akaanguka, akaburutwa hadi kwenye kihenge, hakubweka, hakuuma, alinyamaza kabisa kama kitu kilichokwisha kufa, macho yamefumbwa. Mama Sostenes ndiye aliyekata kamba kwa kisu cha mboga, na maneno aliyoniambia redioni hayawezi kusomwa. Tangu hapo hata Polisi akiniona na kamba anaingia nyumba ya jirani. Na mchana sasa anakwenda kulala chini ya mkokoteni pamoja na yule bibi, hajafungwa na mtu, wanalala mgongo kwa mgongo. Yaani nimepoteza na mbwa wangu.

Mama Sostenes ndiye anayemwekea chakula, ugali na dagaa, anaweka na kuondoka bila kumtazama, na hamwiti Mtanikoma, anamwita Mayu, ambayo kwa Kisukuma ni mama, anasema mtu aliyezaa vile haitwi jina la matusi. Akimwita Mayu lile sikio zima linasimama. Mimi nikiita halisimami.

Halafu juzi dharau ikazidi. Nilikaa kwenye kigogo karibu na mkokoteni nikisuka kamba ya ng'ombe, nimempa mgongo, sikuwa na habari naye, nimevua katambuga zangu kupumzisha miguu. Nimemaliza, nainuka, katambuga ya kulia haipo. Nikatafuta kila mahali. Kuinama chini ya mkokoteni, naikuta huko, na bibi ameweka kidevu juu yake amelala. Kiatu changu! Hakukitafuna hata kidogo, bora angekitafuna ningejua ni njaa. Nilichukua fimbo nimtoe, mama Sostenes akashika fimbo upande wa pili, tukavutana kama watoto, ikabidi niende kunywa maji kwa jirani nikiwa na kiatu kimoja. Watu wakaniuliza. Niliwaambia kingine nakiwekea kiraka.

Sasa pamba imekwisha kuuzwa, mnada wa kufunga msimu unakaribia, na Marwa ananitumia salamu kila mtu akitoka Kharumwa, eti, "Mwambieni mzee banda limeshapakwa saruji." Mimi neno langu halijawahi kurudi mdomoni. Nikimpa mbwa, nimetimiza neno, lakini mama Sostenes amesema nikimpa Marwa yule mbwa niende na mimi nikakae naye bandani. Nisipompa, mnadani nitaonekana mtu wa maneno matupu, mimi ambaye wanaume wazima wananiletea madume yao yaliyowashinda. Na Vumilia atakuja aulize mbwa wake yuko wapi.

Sisemi kwamba nampenda, mbwa ni mbwa. Ila ile kuzunguka kwake, nikimfikiria anazunguka tena ndani ya saruji ya kweli, chakula hakishuki vizuri. Nipe njia ya kumtoa huyu mbwa pale chini haraka, anifuate mnada mmoja tu, hata kama ni dawa ya kumwekea kwenye ugali. Na ujibu kabla ya mnada.

Mzee wa Maksai, Didia

Majibu ya Mama Ritha

Mzee wangu, shikamoo. Mimi ni mdogo kwako, kwa hiyo marahaba yako uliyoitanguliza nimeipokea. Jina lako nimelificha kama ulivyotaka, ingawa umetaja kijiji, kazi, mke, mtoto, mbwa wawili na adui, kwa hiyo natumaini Didia yote leo betri zao zimeisha.

Kabla ya kukujibu nilimtafuta daktari mmoja wa mifugo, maana mimi najua zaidi ndoa kuliko mbwa. Nilipofika kwenye ile nira aliniomba nirudie. Nikarudia. Akasema, "Mwambie mzee nusu ya ufundi wake ni sahihi." Hebu tulia, usiende kuitangaza hiyo nusu kwa mchoma nyama, nisikilize kwanza.

Nusu iliyo sahihi ni kwamba mwoga hujifunza kwa mwenzake asiye mwoga. Nusu iliyoharibika ni mti shingoni. Yule mama maisha yake yote ameshikwa, amefungwa, amevutwa. Wewe ukamtoa kwenye saruji ukamtia kwenye nira, halafu unashangaa anatazama gurudumu! Na hapo hapo bila kamba, bila fimbo, bila wewe, Polisi amekwenda mwenyewe kulala naye. Unalalamika umepoteza mbwa. Hujapoteza mbwa, mzee, umempata msaidizi anayeijua kazi kukushinda. Mwache Polisi afundishe. Ile nira nzuri kaichome moto, au mpe mama Sostenes achochee kuni, nadhani ataifurahia.

Jina pia badilisha. Unamwita mgonjwa wa hofu Mtanikoma, tena kwa sauti ya kurudisha ng'ombe toka ng'ambo ya mto, unategemea aje akiwa anacheka? Muite Mayu, taratibu, na akiitika kwa sikio moja tosheka na sikio moja. Chakula weka wewe sasa, si mkeo peke yake. Weka, ondoka, usichungulie. Debe lipeleke mbali na mkokoteni, na lile komeo la zizi lifunge kitambaa lisilie. Hayo ni mambo ya nusu saa kwa fundi kama wewe.

Halafu katambuga. Mzee wangu, niliposoma hapo nilitaka kuja Didia mwenyewe nikuvute masikio, kwa heshima zote. Mbwa aliyejikojolea ukimsogelea alitoka mchana kweupe, na wewe ukiwa umekaa pale pale, akaja mpaka mgongoni kwako, akachagua kitu chenye harufu yako kuliko vyote, akakilalia kama mtoto anavyolalia khanga ya mama yake. Hakukutafunia. Hiyo ndiyo salamu uliyomwahidi Vumilia! Umeipata, na wewe ukachukua fimbo. Mshukuru mkeo aliyeshika upande wa pili. Kiatu muachie, kanunue vingine, na ukae tena kwenye kile kigogo kila unapokuwa na kamba ya kusuka, mgongo umempa yeye, mdomo umefungwa. Najua sharti la pili ni zito.

Dawa ya kumtia kwenye ugali hakuna, na ingekuwepo nisingekuambia. Kumpeleka mnadani usithubutu. Umati, honda, ng'ombe wanalia, wanaume wanacheka na Marwa amesimama na kamba. Hata akikufuata siku hiyo, atakuwa anakufuata kwa hofu, na hofu hiyo utarudi nayo nyumbani.

Tumebaki na neno lako, lile lisilorudi mdomoni. Naona ndilo linalokukosesha usingizi, na ndilo linaloweza kumrudisha yule mama kwenye saruji, kwa hiyo sitalifanyia mzaha. Nakuuliza wewe Msukuma mwenye mifugo. Mtu akikubilisha ng'ombe, yaani amekuletea ng'ombe wake ukae naye umtunzie, maziwa yake si unakunywa? Unakunywa. Samadi si yako? Yako. Haya, unaweza kumuuza? Unaweza kumchinja, kumtolea mahari, kumwekea dau mnadani ukiwa na nyama mdomoni? Najua unavyotikisa kichwa hapo. Mtu akifanya hivyo kwenu anaitwaje? Usinijibu, mama Sostenes yupo karibu, mwambie yeye.

Sasa Vumilia alikuletea zawadi? Alisema "unitunzie." Alisema "nitapita kumwona." Mayu ni mbwa wa kubilishwa, mzee. Ulipompa Marwa mkono, ulimpa mali ya mtu. Kwa hiyo neno unalolilinda halikuwa lako kulitoa, na neno la kwanza, lile ulilompa binti wa jirani yako uliyemwona akitambaa, ndilo linalokudai. Mtu wa neno analishika lile la kwanza.

Usisubiri Marwa akufuate nyumbani na kamba. Nenda mnadani bila mbwa, simama pale pale kwa mchoma nyama, useme kwa sauti ile ile uliyojisifia nayo: "Marwa, nilikuahidi mbwa wa kubilishwa. Nilikosea, mbwa si wangu, simtoi." Basi. Usiongeze hadithi ya fahali. Watacheka, na Marwa atacheka kuliko wote, mwache, ni mtani na ana haki yake. Lakini katika wale wanaocheka kuna wazee ambao ng'ombe wao wamelala kwenye mazizi ya watu usiku huo, na hao watakuheshimu kuliko ungekuja na mbwa kumi nyuma yako. Ukitaka kumpooza Marwa mnunulie nyama.

Ukitoka hapo mpigie Vumilia, usingoje apite. Mweleze yote, pamoja na nira. Atakukaripia, stahimili. Mwombe aje aangalie shingo ya Mayu kama iliumia, akate kucha zake, athibitishe chanjo, na umwulize kama umri wake unaruhusu kufungwa kizazi, ili watu wenye mabanda mapya ya saruji wakose cha kuulizia. Halafu umwambie lile ulilozungukazunguka barua nzima bila kulisema. Umesema mbwa ni mbwa, halafu chakula hakishuki. Kama unataka abaki kwako, liseme kwa mdomo, mwombe kama mtu anavyoomba kitu cha mwenzake. Anaweza kukataa, labda amekwisha kumpatia nyumba yenye utulivu zaidi, nawe utaitika. Lakini ninavyomsikia huyo binti, alikuwa na watu wengi wa kuwaendea na mbwa ambaye hakuna anayemtaka, akaendesha gari toka Geita mpaka kwako. Hakufuata maksai.

Sasa sikiliza la mwisho, ndilo gumu kuliko mnada. Iko siku, sijui lini, na usianze kuhesabu, Mayu atatoka chini ya mkokoteni, atafika mwisho wa lile duara lake la majani makavu, ataweka mguu nje. Labda Polisi atakuwa mbele yake. Labda hatua moja tu kisha arudi. Utakuwa umekaa kwenye kigogo, utamwona kwa pembe ya jicho, na kifua kitakujaa, utataka kumwita mama Sostenes, utataka kusimama, utataka Didia nzima ijue.

Usisimame. Suka kamba yako.